Kuonja na Kumeza

Pale kiwandani walimwita Mama Ulimi, na hakuona vibaya, maana ulimi ndio uliompa kazi. Tone moja la mvinyo lilimtosha kukwambia zabibu zimechumwa kabla ya mvua au baada, pipa limeoshwa vizuri au limesuuzwa juu juu tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Kumi na mitano ya mwanzo aliifanya kama alivyofundishwa: unaonja, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo.

Hakuna siku aliyoamua kuacha kutema. Mama yake mzazi aliugua mwaka mzima, yeye akawa anatoka hospitali kumuuguza alfajiri na kwenda moja kwa moja kazini, na asubuhi moja funda likampita kooni, likamtuliza kifua. La kesho yake nalo likapita. Mama akafa, akazikwa; funda likabaki. Mwenyewe hakujihesabu mlevi. Mlevi kwake alikuwa yule anayeokotwa mtaroni na kiatu mguu mmoja, si mtu mwenye koti jeupe na ofisi yenye dirisha. Hakuyumba, hakutukana mtu. Jioni alirudi na chupa mbili zisizo na lebo, zile wanazogawiwa wafanyakazi, na mumewe akimtupia jicho la pembeni, alimjibu kabla hajaulizwa.

"Ni kazi. Mwalimu naye si hurudi na madaftari?"

Msimu mmoja wa mavuno, shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye Mama Ulimi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale, alipangiwa kutoa makapi kwenye tangi namba nne. Mvinyo ukishahamishwa, maganda ya zabibu hubaki chini, na juu yake hutanda hewa mbaya inayotokana na kule kuchacha. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta mara mbili tatu unalala, na usipotolewa huamki tena. Ndiyo maana tangi hupulizwa kwa feni saa nzima, kisha Mama Ulimi, ambaye pia ndiye mkuu wa ghala, hushusha kipima hewa kwa kamba. Akiridhika, huandika kwa chaki mlangoni, na mtu huingia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikwisha kuonja matangi kumi na moja na hakuwa ametema hata funda moja. Alishusha kipimo, akakisoma, akaandika SALAMA kwenye mlango wa namba nne. Kipimo alikuwa amekishusha namba tano.

Fundi pampu, mtu mnene wa shingo na mchache wa maneno, ndiye aliyemfunga shemeji kamba kiunoni.

"Unanipeleka malishoni?" shemeji alimcheka.

"Tulia nikufunge. Utanicheka ukishatoka."

Akaingia na koleo lake. Wakalisikia likikwaruza, likikwaruza, kisha likanyamaza.

"Shemeji!" Mama Ulimi aliita. "Shemeji, we!"

Fundi pampu hakungoja jibu. Aliegemeza mguu ukutani mwa tangi akavuta kwa nguvu zake zote, na shemeji akatoka kwa ule mlango mdogo kama gunia, amelegea, midomo imekuwa na rangi ya maganda aliyokuwa akiyazoa.

Hakufa. Watu walimshukuru Mungu, wakapeana mikono. Lakini baada ya wiki tatu aliporudi nyumbani kutoka hospitali, kijiko kilimtetemeka mkononi hadi mchuzi ukamwagika kifuani, na akawa anamwita binti yake wa miaka minne "wewe mdogo", kwa sababu jina la mtoto lilikuwa limempotea.

Meneja hakutaka maneno marefu. "Kipimo kilikuwa kibovu," alisema. "Tumeagiza kingine. Usijitese bure."

Kipimo kilikuwa kizima. Mama Ulimi alijua, na fundi pampu alijua, kwa kuwa alimwona kwa macho yake amesimama penye namba tano, ingawa maana yake aliielewa baadaye. Hakusema kitu, akipishana naye aliinamisha kichwa tu kama mtu aliyefiwa. Hilo lilimchoma Mama Ulimi kuliko kama angepayuka. Siku nane alikula kiapo kila asubuhi kwamba leo hanywi, na siku nane zote akakivunja kabla ya saa sita.

Siku ya tisa alipiga moyo konde akaenda kwa shemeji. Mkewe alikuwa sebuleni akikunja nguo. Mgonjwa amelala chumbani.

"Kipimo hakikuwa kibovu," Mama Ulimi alisema, hata hajakaa. "Nilipima tangi lingine."

Mwanamke yule aliendelea kukunja. "Ulikuwa umekunywa?"

"Nilikuwa naonja."

"Sikukuuliza hivyo."

Chumbani shemeji akakohoa.

"Nilikuwa nimekunywa," alisema.

Mwanamke akaliweka chini shati la mumewe, akalilaza mikono vizuri. "Asante kwa kuniambia. Sasa nenda. Na usije tena mpaka nikuite."

Hajamwita mpaka leo.

Kutoka pale alikwenda kwa mumewe, kisha kwa meneja. Mumewe hakugomba, angegomba ingekuwa afadhali. Alichukua mto wake akahamia chumba cha watoto. Meneja alimvua ukuu wa ghala na kumkataza kugusa kipimo. Lakini ulimi aliuhitaji, maana hapakuwa na mwingine kama ule, kwa hiyo akamwambia aendelee kuonja. Muuguzi wa zahanati, alipomwendea, alimweleza kinagaubaga kwamba dawa ya kweli ni kuiacha kazi hiyo.

"Sijui nyingine, dada."

"Basi usionje peke yako. Wala chupa isivuke mlango wa nyumba yako."

Fundi pampu ndiye aliyejitolea kumsimamia, na ndiye aliyebuni utaratibu. Alileta jagi lenye mistari ya vipimo, la kutemea badala ya ndoo. Mililita thelathini zinaingia mdomoni, thelathini zinatoka. Siku ya kwanza aliliinua juu penye mwanga, akakunja uso.

"Thelathini na mbili. Umeniongezea na mate, mama."

Mama Ulimi akacheka, mara ya kwanza tangu ajali ile.

Wakaenda hivyo msimu mzima: yeye akitema, fundi akisoma mistari. Nyumbani jioni ilikuwa ndefu, mikono haina pa kukaa. Ilikuwepo wiki aliyoiona nyepesi, ikifuatwa na wiki aliyohisi harufu ya mapipa ikimvuta kwa kola.

Asubuhi moja ya mavuno mengine, kwenye tangi la saba, fundi aliinua jagi, akaisoma mistari mara mbili.

"Ishirini na mbili," alisema mwishowe, taratibu. "Tungoje kidogo. Pengine zingine bado zimo mdomoni."

Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea. Mama Ulimi alijua angeweza kuupita, kusema zimemwagika, na mwenzake angenyamaza kama alivyonyamaza mwanzo. Akafungua mdomo wazi amwonyeshe hakuna kitu.

"Nimemeza," alisema.

Fundi pampu alitikisa kichwa polepole, akalimwaga jagi. "Basi leo tuishie hapa."

"Yamebaki matangi sita."

"Yatakungoja."

Mama Ulimi alivua koti, akalitundika, akatoka. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, na malori ya zabibu yalikuwa yamepanga foleni getini. Akapita kando yake, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.