Kengele ya Maharage

Mji wa Tarbell una desturi moja ambayo haijaandikwa popote: siku ya mkutano wa mji, kengele ya jikoni ikilia, watu wanakwenda kula. Hata kama mtu yuko katikati ya neno, neno hilo atalimeza. Mkutano huwa Jumanne ya kwanza ya Machi, na kila mwenye kura ana haki ya kusimama na kutoa la moyoni juu ya kila senti ya mji. Watu wa Tarbell, ambao mwaka mzima husalimiana kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, siku hiyo hufunguka midomo mpaka usitamani kuwasikia. Bila kengele wangebishana mpaka Pasaka.

Kengele hiyo ilikuwa mikononi mwa Odette Thibault kwa mwaka wa ishirini na mbili. Ndiye aliyepika maharage, na maharage ya Odette, yaliyookwa usiku kucha kwenye vyungu vya udongo kwa sukari ya utomvu wa mti wa mepo na nyama ya nguruwe ya chumvi, yalikuwa na heshima kuliko wajumbe wengi wa halmashauri. Saa sita kamili hupiga kengele, na hajawahi kukosea hata kwa dakika moja.

Mwaka huu alikuwa jikoni tangu alfajiri, na roho yake haikuwa kwenye maharage. Kipengele cha saba katika orodha ya mkutano kilisema hivi: je, mji uache kuajiri dereva wake wa gari la kusukuma theluji barabarani, na kazi hiyo ipewe kampuni ya kutoka bondeni? Dereva mwenyewe alikuwa mumewe, Royce. Miaka kumi na tisa ameamka saa tisa za usiku kufungua barabara za watu wengine. Ana miaka hamsini na tisa na goti bovu. Akitolewa, nani atamwajiri? Na bima ya matibabu, ile iliyolipia nyonga mpya ya Odette, nayo ingekwenda na kazi.

Kibaya zaidi, wao wenyewe hawakuwa na kura. Miaka mitatu nyuma waliuza nyumba yao wakahamia kwa dada yake Odette, hatua mia mbili ng'ambo ya mpaka wa mji. Hatua mia mbili tu! Kutoka dirishani waliona nguzo ya mpaka, na kwa sheria, asiye mkazi hasemi mkutanoni mpaka theluthi mbili ya ukumbi wamruhusu. Jikoni, hata hivyo, hakuna aliyewahi kumwuliza Odette anakaa wapi.

Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha pana la kupitishia sahani. Kupitia hapo Odette alimwona Royce amekaa safu ya nyuma, kofia magotini, amevaa shati lake la mazishi. Aliona pia madirisha ya ukumbi, na nje ya madirisha theluji, ambayo redio ilikuwa imeahidi ingeanguka jioni. Ilianza saa mbili asubuhi, na ilikuwa nzito. Lyle, dereva wa pili wa muda, alikuwa peke yake barabara ya chini.

Saa tano kasorobo, kipengele cha saba kikafika. Garland Stoddard wa halmashauri akasimama. Odette alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini Garland hakuwa mtu mbaya; alisoma darasa moja na Royce na alibeba jeneza la baba yake Royce.

"Jamani, mimi sina ugomvi na Royce," alisema. "Royce ni rafiki yangu. Lakini kodi imepanda mwaka wa nne huu mfululizo. Kampuni itatupunguzia dola elfu arobaini. Tuna wajane kule mlimani Cobble wanauza shamba kipande kwa kipande ili walipe kodi. Mnataka wauze mpaka kizingiti cha mlango?"

"Na kampuni itaamka saa tisa usiku?" mtu akapaza sauti.

"Mkataba unasema saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja mimi nishakamua ng'ombe wote na lori la maziwa limekwama njiani!"

Ukumbi ukacheka, lakini si wote. Mwenyekiti, mzee Alden Peaslee, akagonga meza. Royce alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Bwana Thibault si mkazi," Alden alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba maneno hayo yalimkera. "Wanaomruhusu aseme, wanyooshe mikono."

Mikono ikaenda juu, hata wa Garland. Royce akatoa bahasha mfukoni. Usiku uliopita alimsomea Odette hotuba yake mara tatu, ameiandika nyuma ya bahasha hiyo. Odette akaweka mwiko chini. Na hapo hapo simu ya ukutani jikoni ikalia.

"Odette? Verna hapa." Ni Verna Cutting, mjane wa kule mlimani Cobble, rafiki yake wa miaka thelathini. "Theluji imenifika magotini huku. Hakuna aliyepita tangu asubuhi. Tuko kumi na sita, magari yamewashwa yananguruma tu. Tunataka na sisi tuhesabiwe."

Odette akatazama ukumbini. Viti vya watu wa Cobble vilikuwa vitupu, safu mbili nzima. Aliviona tangu asubuhi na hakufikiri. Watu wa Cobble ndio Royce huwafungulia njia kwanza kuliko wote, maana ndio wa mbali. Huinua chuma cha gari, kile cha kusukumia theluji, mbele ya kila lango lao ili asiwazibie na tuta la theluji, jambo ambalo hakuna sheria iliyomwamuru. Na sasa hawakuweza kuja kumtetea kwa sababu mfungua njia alikuwa amekaa kitini, amevaa shati la mazishi, akingoja kuelezea jinsi anavyofungua njia.

"Royce!" akaita kupitia dirishani, mbele ya watu mia na ushei. "Cobble imefungwa na theluji. Verna na wenzake wamekwama."

Royce aliangalia bahasha yake. Akamwangalia mkewe. Odette aliona kabisa jinsi mambo mawili yalivyomvuta, na moyo ukamuuma, maana alijua lipi litashinda.

"Mniwie radhi," Royce aliuambia ukumbi. "Barabara ya Cobble haijafunguliwa." Akavaa kofia, akatoka. Baada ya muda mfupi gari kubwa likaunguruma uani, taa zake za njano zikapita madirishani, zikapotea ndani ya weupe.

Hapo Garland, ambaye naye alikuwa na jambo lake la kushinda, akanyanyuka. "Bwana mwenyekiti, naona tumeshasema ya kutosha. Naomba kura ipigwe sasa."

Odette akatazama saa: saa tano na dakika kumi. Kwenda Cobble na kurudi kwa theluji ile ni saa nzima, pengine zaidi. Asiyekuwepo na lake halipo. Hilo lajulikana hata kwa watoto. Alihesabu vichwa ukumbini kama alivyohesabu sahani, akimjua kila mmoja na kodi yake na ulimi wake, na hesabu haikumpa raha. Bila safu zile mbili, Royce amekwisha.

Mtu akapinga kura ya haraka, mwingine akajibu, wakavutana juu ya kama itakuwa ya mikono au ya karatasi. Ikaamuliwa ya karatasi. Karani akaanza kukata karatasi kwa mkasi. Saa tano na dakika ishirini.

Odette akafungua jiko, akachota punje tatu za maharage, akazitafuna. Zilikuwa ngumu. Umeme ulikatika alfajiri, kwa saa mbili nzima jiko lilikuwa baridi, na yale maharage yalihitaji moto mpaka saa saba, yasipunjwe hata dakika. Kuyapakua sasa ni kujiaibisha mbele ya mji mzima. Na kupiga kengele kabla ya saa ni nini kama si udanganyifu? Aliogopa, na aibu ilimpanda kabla hata hajatenda. Akakumbuka goti la Royce. Akakumbuka viti vitupu.

Akashika kamba ya kengele, akaipiga kwa nguvu zake zote.

Ukumbi ukashtuka. Karani akaacha mkasi. Watu wakaanza kunyanyuka, maana miguu ya Tarbell huitii kengele ile kabla kichwa hakijauliza.

"Bado dakika arobaini!" Garland alipiga kelele. "Mwenyekiti! Tazama saa!"

Alden Peaslee akaitazama saa ya ukutani kwa utaratibu sana. Kisha akamtazama Odette dirishani, na Odette hakuyakwepa macho yake.

"Kengele ni kengele, Garland," mzee akasema. "Mkutano umesimama mpaka watu wale."

"Ukitaka kaa upige kura peke yako!" mtu akamtania, na wakapanga mstari.

Odette akawapakulia. Walitafuna, wakatafuna tena, wakatazamana. Mzee mmoja akatoa punje mdomoni, akaichunguza kama jino lake mwenyewe. Garland alikuja na sahani yake, akasimama mbele ya dirisha.

"Odette, hii ni changarawe."

"Kula mkate, basi."

"Najua ulichofanya."

"Nami najua ulichofanya wewe. Mtu ametoka kufungua barabara, ukaomba kura."

Garland alishusha macho. "Sikuileta theluji mimi," akasema polepole, akaenda na sahani yake. Odette akamgeukia aliyefuata mstarini.

Akachelewesha pai. Akachelewesha kahawa, akamwaga birika la kwanza makusudi, akaanza jingine. Saa sita na nusu Alden akagonga meza. Karani akagawa karatasi. Odette alikuwa amesimama dirishani na kitambaa cha sahani mkononi, amekisokota kikawa kama kamba, aliposikia mngurumo. Taa za njano zikaingia uani, na nyuma yazo magari, moja, mawili, matano, tisa, yote meupe. Watu kumi na sita wakaingia wakikung'uta viatu, Verna mbele, shali kichwani. Ukumbi ukapiga makofi. Odette alilia bila kificho. Royce akaingia wa mwisho, akasimama ukutani kwa sababu kiti chake kilishakaliwa.

Watu wakapanga mstari mbele ya sanduku la mbao, wakatumbukiza karatasi. Karani na wenzake wawili wakahesabu, wakarudia. Alden akapewa kipande cha karatasi. Alikisoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wanaosema ndiyo, kazi ipewe kampuni: sabini na wanne. Wanaosema hapana: sabini na mmoja. Kipengele kimepita."

Odette alidhani Alden amekosea kusoma. Akahesabu tena kichwani. Alikuwa na watu kumi na sita wa nyongeza, haikuwezekana. Akamtazama Garland, na Garland naye alikuwa ameduwaa, hana furaha yoyote usoni. Royce aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani. Kisha akavaa kofia. Theluji ilikuwa bado inaanguka, na mkataba wa kampuni ungeanza Julai.

Mkutano ulipokwisha, Royce akasimama mlangoni. "Watu wa Cobble, mnifuate. Msinikaribie sana, nitakuwa namwaga mchanga wa kuzuia utelezi."

Kila mwaka Odette humfungashia Verna maharage yaliyobaki, kwa kuwa anaishi peke yake. Alikuwa akiyatia kwenye bakuli lenye kifuniko Verna alipoingia jikoni. Verna hakukaa. Alisimama karibu na mlango, shali ameishika kwa mikono miwili.

"Odette, sitaki ulisikie kwa mtu mwingine," alisema. "Mimi nimeandika ndiyo. Na wawili watatu wa kwetu pia."

Odette akaacha kuchota.

"Nimeuza malisho ya juu msimu wa majani kupukutika. Mwaka huu ingekuwa nyumba. Nilipiga hesabu usiku kucha, dada, nikalia, nikapiga tena. Sikuweza." Akaivuta shali. "Nilipomwona anakuja na lile gari, akainua chuma langoni kwangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikuweza."

Hasira ilimjaa Odette. Aliona bakuli mkononi mwake na akataka kulitupa ukutani. Tenda wema nenda zako, wanasema. Waliosema hawakukuambia uende wapi. Nje, honi ya gari la theluji ililia mara mbili: Royce alikuwa akimngoja Verna ili msafara uondoke.

Odette akafunga kifuniko, akakibonyeza pande zote, akamkabidhi.

"Hayajaiva," akasema. "Yachemshe tena kwa saa moja na nusu."

Verna alishangaa katikati ya machozi. "Maharage yako? Yamekuwaje hayajaiva?"

"Nilipiga kengele mapema," Odette akamwambia. "Walikuwa wanataka kupiga kura. Nilikuwa nakungoja wewe."

Honi ikalia tena. Verna alibaki amelikumbatia bakuli, haondoki, mpaka Odette mwenyewe akamfungulia mlango.