Rozari ya Jumamosi

Kornel wa Bukene alikuwa na dini mbili, na zote mbili zilisaliwa Jumamosi saa kumi jioni. Ya kwanza ni ile aliyobatiziwa. Saa hiyo jumuiya yao ilikusanyika kusali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Ya pili ni timu. Timu gani, siwatajii, maana nusu yenu mtaacha kunisikiliza. Jueni tu kwamba ina tawi pale Bukene, lenye bendera yake na nyimbo zake, na waumini wasiokosa ibada mbele ya runinga kwenye kibanda umiza cha Saidi, mwenyekiti wao.

Mkewe Suzana alikuwa na dini moja tu. Tangu kiharusi kimlaze alikuwa na hofu moja pia: kuzikwa bila sala. Kwao kila mtu anajua kwamba asiyeonekana jumuiyani, jumuiya haiendi msibani kwake, na jumuiya isipokwenda, katekista naye haendi. Mungu hakuwajalia watoto. Wa kumwakilisha alikuwa Kornel peke yake.

"Nenda na rozari yangu," alimwambia kila Jumamosi, ulimi ukiwa mzito. "Wakiiona watajua bado nipo. Na siku nikifa, uniwekee mkononi."

Kornel aliitia mfukoni, akavuka reli, na badala ya kushika kushoto kwenda jumuiyani, akashika kulia kwenda kwa Saidi. Siyo kwamba hakuisali. Aliisali sana! Mpira ukiwekwa kwa penalti, mkono wake ulikuwa mfukoni ukibana punje moja baada ya nyingine, midomo ikimcheza kuliko ya masista. Akirudi, Suzana humwuliza wamesoma nini leo, naye humtungia Injili. Mgonjwa alifumba macho, akaitikia, "Sifa kwako, ee Kristo." Hapo ndipo ungetamani kumzaba Kornel kofi.

Mvua zilipoanza, zamu ya kusaliwa ikafika nyumbani kwao, na Jumamosi hiyohiyo timu ilikuwa inakutana na watani. Mshika mawili moja humponyoka, lakini methali ni za kuwaambia wengine. Kornel alimwendea Consolatha, mwenyekiti wa jumuiya, akamwomba nyumba yao irukwe: Suzana amepelekwa Igunga kwa dada yake, atakaa huko na kusali huko. Huyo dada alikwisha kufa zamani. Lakini nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya reli, peke yake pembeni ya majaruba ya mpunga. Nani angekuja kuchungulia? Alikusudia uongo wa wiki moja. Wiki iliyofuata akaona haya kuufuta, na ile iliyofuata vilevile, mpaka jumuiya ikazoea kwamba Suzana ni mtu wa Igunga.

Alikufa Alhamisi asubuhi, mpunga ukiwa umeiva.

Kornel hakuwa amemaliza hata kumfunika vizuri alipokwenda kwa Consolatha. Akina mama wa jumuiya walikuwa uani, wakimpa pole.

"Pole sana, Kornel," alisema Consolatha. "Kwani alirudi lini kutoka Igunga?"

"Juzi."

"Basi jumuiya yake ya huko ije. Hata waje wawili tu, watuambie alikuwa anasali nao. Katekista ataniuliza, nitamjibu nini?" Hakuwa mama mwenye roho mbaya. "Kama kuna jambo, baba, liseme hapahapa. Nitamwita sasa hivi."

Neno moja lingetosha. "Nilidanganya, alikuwa ndani siku zote." Lakini wangemwuliza, "Nawe ulikuwa wapi?" Akina mama walikuwa wamemkazia macho, na nyuma yake Saidi na vijana wa tawi walishasikia msiba, wakafika na majembe mabegani. Kornel aliona aibu, ile aibu ya mtoto aliyejikojolea darasani.

"Alikuwa Igunga, mama mwenyekiti," akasema.

Basi tawi ndilo lililomzika Suzana. Sitawasema vibaya, kwani walikuja wote, wakachimba, wakabeba, na wengine wakalia. Saidi alitandika bendera juu ya jeneza, kisha akamnong'oneza Kornel, "Kaka, anzisha wimbo wenu wowote. Hatuwezi kumshusha kimyakimya."

Kornel alianzisha wimbo wa kanisani. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili haukuwepo. Vijana wakamwonea huruma, wakamsaidia kwa wimbo walioujua, ule wa kuikaribisha timu uwanjani. Waliuimba polepole, kwa heshima. Suzana alishuka kaburini hivyo.

Jumamosi, saa kumi, Kornel alivaa suruali yake ya siku zote, akavuka reli, akashika kulia. Angekwenda wapi tena? Walimpisha kwenye benchi la mbele, wakampa pole. Kipindi cha pili timu ikapata penalti, na mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Rozari ilikuwa humo. Jumamosi iliyopita alisahau kumrudishia, na Suzana alikuwa amelala ardhini mikono mitupu.

Kornel aliitoa. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza akataka kumwombea mkewe. "Salamu Maria," akaanza, "umejaa neema..."

Bao likaingia. Kibanda kizima kikaruka. Kornel naye aliruka, akipiga kelele, rozari ikining'inia mkononi.