Mahari ya Restituta

Asubuhi Pancras alipokuja kudai mahari, shemeji yake Restituta alikuwa kwenye cherehani, akiunga kipande cha kanga na kipande cha kaki kilichotoka kwenye suruali ya marehemu mumewe. Alikuwa anashona tandiko la viraka. Chumba alichoshonea kilikuwa cha udongo na nyasi, kimesimama peke yake nyuma ya nyumba, na tangu alipoolewa huko kijijini Nyamahanga alikipa jina Mahali. Lakini ulimi wa kwao hauchagui l na r, kwa hiyo yeye na kijiji kizima walikiita Mahari, na chumba chenyewe kilizoea kuitika hivyo. Wakati wa Operesheni, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yao ya zamani ilibomolewa. Mahari kilifika chenyewe jioni, cherehani ikiwa ndani. Mwenyekiti alinung'unika tu kwamba hakikusimama kwenye mstari.

Mumewe, Emilian, alikwenda vitani Uganda hakurudi. Pancras, mdogo wa Emilian, alitaka kumrithi mjane pamoja na nyumba na shamba la migomba. Restituta alikataa. Alimpenda Emilian, wala hakumpenda huyu Pancras hata chembe. Basi mila ikashika njia yake: mjane asiyetaka kurithiwa arudishe mahari. Baba yake Restituta alikuwa amekufa na ng'ombe wa mahari walishaliwa zamani, mifupa imebaki hadithi.

Ukoo ulikaa kikao, mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, katikati, mzee Kazimili akiongoza.

"Mahari irudi nyumbani kwangu," Pancras alisema. "Sitaki maneno mengine."

Restituta alipiga goti, akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia. Kisha akauliza, "Mahari ikirudi kwa huyu shemeji, nitakuwa nimemaliza?"

"Utakuwa umemaliza, mwanangu," alisema Kazimili.

Jioni ile Mahari kilinyanyuka. Restituta alikuwa ndani na hakuacha kushona. Kilipita katikati ya kijiji, watu wakakipisha njia kama wanavyompisha ng'ombe, kikatua mbele ya mlango wa Pancras.

Pancras alifurahi, kwa sababu alikuwa akiitamani ile cherehani siku nyingi. Alikizunguka chumba akitafuta mlango, hakuuona. Wanawake waliuona. Walimiminika kila siku na vitambaa vyao, wakashona na kumjadili Pancras kwa sauti ya kawaida, na ukuta ulikuwa mwembamba. Mkewe, Adelfina, aliingia kuazima mkasi, akakaa. Jiko likalala. Pancras alijichomea ndizi mwenyewe, zikaungua nje na ndani zikabaki mbichi.

Alikwenda kuwaomba wazee wamwondolee kile chumba. Kazimili alimkumbusha kwamba mahari ikiondolewa na mwenyewe aliyeidai, haidaiwi tena, si leo wala kesho. Pancras alilijua hilo, lakini njaa haina miiko. Akasimama uani kwake, ukoo wote ukisikia.

"Shemeji," alisema, "chukua mahari yako uende nayo."

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakaruka juu ya mapaa. Restituta alilia kwa furaha, wala hakujifuta machozi. Mahari kilinyanyuka, kikapita tena katikati ya kijiji, safari hii polepole ili kila mtu akione, kikatua kwenye kilima kando ya barabara iendayo Rulenge. Adelfina alikuwa bado ndani. Hakuna aliyemuuliza, naye aliendelea kushona.

Nyumba na shamba la migomba la Emilian, hakuna mzee aliyevitaja. Pancras alilivuna shamba mwaka ule na miaka iliyofuata, akanenepa. Na kabla mwezi haujaandama tangu siku ile ya vigelegele, Marsiana, ambaye mumewe naye alibaki Uganda, aliitwa kikaoni kudaiwa mahari. Alipanda kwanza kilimani kuuliza chumba cha namna ile huanzwaje. Restituta alimsogezea kigoda, akampa sindano yenye uzi tayari, akamwambia akae, wazee watamsubiri.