Jembe la Mama Kumud

Mwaka wa hamsini na nane mvua za Februari zilinyesha bila kinyongo, na mianzi ikatoa pombe yake ya ulanzi mpaka mbwa wa Iringa wakawa wanatembea kwa mshazari. Majuma hayo hayo ndipo barua ya Bomani ilipofika mtaa wa sokoni. Ilisema sheria ya wageni inatazamwa upya, na kila mtaa utoe maoni yake kwa kauli moja: nani ahesabiwe mwenyeji, na nani afungashe arudi kwao.

Kamati ilikaa kwenye ghala la mahindi la Mzee Abrahamu, kila mtu na gunia lake. Walikuwa wanne. Mzee Abrahamu mwenyewe, Mbena wa Njombe, ndiye mwenyekiti. Alawi, muuza nyama, babu yake alikuja na misafara kutoka Kilwa, baridi ikamshika, akaoa mwanamke mwenye blanketi. Asukile, seremala, alikuwa kijana wa Tukuyu, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu hapo mjini. Wa nne ni Tekla, mzaliwa wa Kalenga, aliyesoma Tosamaganga mpaka darasa la nne, na kwa hiyo ndiye aliyeshika kalamu.

Kalamu ilikuwa mkononi, lakini moyo wa Tekla ulikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la nyuzi na vifungo la Kanta. Mama Kumud, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa jirani yake tangu wote wawili walipokuwa na viuno vyembamba. Sasa mumewe Umakant alikuwa amefariki, na karatasi ya Kanta ya kukaa nchini ilikuwa inaisha mwezi wa tatu. Jina lake lisipokuwamo kwenye barua hii, atapandishwa meli kwenda Porbandar huko Uhindi, mji aliouacha akiwa na miaka kumi na sita, amwache bintiye Kumud na wajukuu kule Mbeya.

"Andika, mama," Asukile akasema. "Wageni wote warudi kwao. Nukta."

"Nukta naiweka mimi," Tekla akajibu. "Mzee Abrahamu hajasema."

Mzee Abrahamu akakohoa kidogo. "Kuna neno upande huu, na kuna neno upande ule."

"Huyu mzee," Asukile akasema, "ukimuuliza kama mvua inanyesha, atakuambia anayelowa ana hoja, na aliye ndani naye ana hoja."

Wakacheka, na Mzee Abrahamu akacheka kuliko wote, maana alijijua. Asukile peke yake hakucheka.

"Nilipokwenda migodi ya Kusini nilikaguliwa meno mpakani kama ng'ombe wa mnada. Hapa nimeomba kiwanja cha karakana mara tatu, naambiwa ngoja. Mhindi kaingia kwa mlango wa mbele. Nisione uchungu?"

Tekla alijua uchungu ule ni wa kweli. "Uone, mwanangu," akasema. "Lakini wewe ni seremala. Mlango una komeo ili ufungwe na ufunguliwe. Wewe unataka kuupigilia misumari, halafu walio ndani uwatoe dirishani."

"Walio wageni tu."

"Haya, tuhesabu," akasema Alawi. "Mimi Kilwa. Mzee Njombe. Wewe Tukuyu. Atabaki Tekla na magunia."

"Na mimi mama yangu ni Msangu wa huko Ubaruku," Tekla akasema. "Yatabaki magunia."

Mzee Abrahamu akainama, akasoma maandishi kwenye gunia alilokalia. "Haya nayo yametoka Kalkata," akasema taratibu.

Walipokwisha kujipangusa machozi, Tekla akaona ndiyo nafasi yake. "Tuna sheria ya zamani kuliko ya Bomani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akishapokea jembe, ugeni umekwisha. Mama Kumud nilimpa mimi kwa mikono yangu, siku ya tatu tangu ashuke kwenye lori. Jembe jipya, nimelifunga kwa jani la mgomba."

Asukile akatafakari. Mtu wa randa na msumeno huamini kitu anachokishika. "Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi lije. Jembe lililolima miaka hiyo yote litakuwa limelika, limebaki kama kijiko. Nikiliona hivyo, naweka dole gumba bila neno."

"Na likiwa halijalika?" akauliza Mzee Abrahamu.

"Ni mgeni, tusiulizane tena."

Tekla alivuka barabara nusu anatembea nusu anacheza. Miaka ishirini na sita alikuwa akila giligilani na pilipili za Kanta. Haikumjia hata siku moja kwamba bustani yenyewe ilikuwa ya makopo ya samli, na mwenyewe aliipalilia kwa uma.

"Mwenzangu, leta lile jembe nililokupa."

Uso wa Kanta ukang'aa. Akanawa mikono, akajifunika kichwa, akaingia ndani. Hapo Tekla angejiuliza ni nani anawaye mikono ndipo afuate jembe, lakini furaha ilikuwa imemziba.

Kanta alitoka na sinia la shaba. Juu yake lilikaa jembe lisilo na mpini, rangi yake ya buluu ya kiwandani haijachubuka, limepakwa mafuta. Katikati lilikuwa na doa jekundu, na shingoni shada la maua ya manjano. Alilivusha barabara kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa, akaingia nalo ghalani.

Wakalikodolea macho.

"Mama Kumud," Asukile akasema hatimaye, "hiki nini?"

"Zawadi ya Dada Tekla. Mimi nimefika, Umakant kaenda Mbeya kuchukua bidhaa, Kiswahili sijui hata cha kuomba maji. Huyu dada akaja na chuma sura ya jani, kakifunga ndani ya jani, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili. Kitu cha namna hiyo sisi tunaweka mahali pa taa, pa kusalia. Kila asubuhi nakipa ua."

"Hujalimia hata mara moja?"

Kanta akamtazama kwa mshangao. "Wewe unalima na Biblia?"

Alawi aliteleza kwenye gunia, akabaki chini, mabega yakitikisika. Tekla alicheka mpaka kalamu ikachora mstari kwenye barua, na huku anacheka akaona kwamba chuma kile hakijagusa udongo.

"Ni mgeni," Asukile akasema. "Miaka ishirini na sita, mgeni."

Kanta akaelewa sasa, akalikumbatia sinia. Mzee Abrahamu akasimama.

"Msemo unasema mpe jembe. Hausemi alime lini."

"Wala hausemi alivike maua, mzee."

"Ndiyo, kila upande una hoja," akasema Mzee Abrahamu, na safari hii hakuna aliyemcheka. "Basi tupite katikati. Alime leo. Mvua imelainisha ardhi. Ila jembe halina mpini, na fundi ni wewe."

Chuma kizuri kisicho na mpini kilikuwa kinamwasha Asukile tangu kilipoingia. Akaenda kuleta kipande cha mpera, akakitoboa, akapigilia, akajaribu uzito, akapigilia tena.

Nyuma ya duka, Kanta akalivua jembe shada lake, akamvika Alawi. Akakaza sari kiunoni, akainua, akashusha. Bonge la kwanza la udongo lilitua kwenye koti la Mzee Abrahamu. La pili halikujulikana lilikokwenda. Kufika la tano alikuwa anachekacheka peke yake kama msichana, na nyuma yake kulikuwa na tuta fupi lililopinda kama ulimi wa mbuzi.

Asukile hakuvumilia. "Mpini unaushika kama ufagio. Lete nikuonyeshe."

Kanta akasita, jembe mkononi. "Asukile, uko Iringa mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Nani alikupa jembe?"

Asukile akatazama nyuso zote, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamempa milango ya kukarabati, viti vya kuunga miguu, hata jeneza moja. Jembe hakupewa na mtu.

Kanta akapiga goti matopeni kama alivyoona ikifanywa zamani, akaliinua kwa mikono miwili. "Siku ya tatu," akasema.

Tekla aliuona mdomo wa kijana ukipigana na kicheko, ukashindwa. Asukile akapokea, akalima, tuta likanyooka mpaka ukutani, na alipofika hakuacha, akageuza la pili.

Barua iliandikwa upya. Jina la Kanta lilikaa la kwanza, na mwishoni Asukile aliongeza sentensi yake: aliyepewa jembe apewe na kiwanja. Akaweka dole gumba lenye udongo, Kanta akaweka lake lenye unga mwekundu wa sinia. Karani wa Bomani alipouliza huo ni wino gani, Tekla alimjibu kwamba ni wa mtaani.

Karatasi ya Kanta ilirudi na mhuri mwezi wa tatu. Kiwanja kilichelewa zaidi. Jembe lilirudi mahali pa taa, ila asubuhi za mvua Asukile hubisha hodi dukani, akasimama kando kwa adabu mpaka lipewe ua, ndipo aliazime.