Ulikuwa Umebebwa na Nani?

Kila aliyeingia wodini alianza na swali hilohilo. "Pole dada. Ulikuwa umebebwa na nani?"

Mkunga alijibu mpaka koo likamkauka: hakubebwa na mtu. Pikipiki ni ya zahanati na mwendeshaji ni yeye, mwaka wa ngapi huu anazunguka nayo kuwaangalia wazazi majumbani kwao.

Asubuhi ile alikuwa anakwenda kwa mama aliyejifungua mapacha. Kofia ngumu kichwani, taa imewaka, yuko upande wake wa barabara. Gari dogo jeupe lililokuwa linakuja mbele yake likakata ghafla kuingia kituo cha mafuta, bila indiketa, likamziba njia yote. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Baada ya hapo alikumbuka tu lami ya moto shavuni, na goti lililoelekea kusikotakiwa.

Askari wa usalama barabarani alikuja wodini akiwa na majibu yake tayari. "Nyie wa pikipiki mna haraka sana. Mnapenya kila mahali."

"Sikupenya popote. Yeye ndiye aliyenikatia njia."

"Anasema ulikuwa unakimbia."

"Na mimi nasema alikata kona bila kuonyesha. Mbona lake ni maelezo na langu ni malalamiko?"

Askari akatumbukiza kalamu mfukoni, akamtakia afya njema.

Mumewe akamtafutia wakili kwenye ofisi inayosaidia watu bure. Wakili, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alivuta kiti hadi kando ya kitanda. "Usisaini chochote kabla daktari hajasema goti hili litaishia wapi. Gari lile lina bima, na bima ipo kwa ajili ya majeruhi kama wewe. Hata mahakama ikiona na wewe ulikosea kidogo, fidia yako itapungua, haitafutika. Shida yetu ni shahidi."

Na shahidi hakuwepo. Wauza mafuta wote, kwa maajabu, walikuwa wametazama upande mwingine.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, ugeni ukabisha hodi: mjomba wa yule dereva, amevaa suti, na mama yake dereva, amebeba mfuko wa matunda. Dereva mwenyewe, wakasema, amebanwa na kazi.

"Tuyamalize kiungwana," mjomba alisema, akikunjua karatasi. "Sisi tutatoa cha dawa, wewe utaweka sahihi kwamba huna madai tena. Kila mtu aendelee na maisha yake."

"Na goti?"

"Mungu atajalia."

Mumewe, aliyekuwa amechoka kupika, kufua na kumbeba bafuni, akakohoa. "Mke wangu, labda tungefikiria..."

Mkunga akamkata jicho. Mume akanywea.

Mama wa dereva akaona aweke neno la kupoza. Akamshika mkono. "Mwanangu, msamehe tu. Mimi nilimwambia, hiyo simu utaipokea tukifika."

Mama mwenyewe akajua kashamwaga mtama.

"Kumbe mama ulikuwa ndani ya gari?"

"Mama ana presha," mjomba akadakia, tayari kasimama. "Huwa anachanganya mambo." Akamshika kiwiko, akamtoa nje mbiombio, matunda yakabaki kwenye kochi.

Mkunga alidhani sasa mambo yamekwisha. Wapi! Kituoni wakampiga danadana: leo mpelelezi yuko likizo, kesho jalada liko kwa mkubwa. Alipanda ngazi zile kwa magongo, akateremka kwa magongo, jasho likimtiririka mgongoni. Siku alipompata askari, aliambiwa, "Siwezi kumburuta mama wa watu aje kumsema mwanawe. Mlete wewe."

Alirudi nyumbani akalia kwa hasira, akamgombeza mumewe kwa chumvi iliyozidi. Kisha akamwomba msamaha, na akamwomba ampeleke kwa yule mama.

Geti halikufunguliwa. Walizungumza kupitia upenyo.

"Unataka nimfunge mwanangu," mama alisema kutoka ndani.

"Nataka useme ulichokiona. Nimezalisha wanawake wengi, mama, najua mtoto ni nini. Lakini mimi naitwa mwongo kila ninapokwenda, na wewe unajua si mwongo."

Ndani zikasikika ndala zikiondoka.

Hakuna aliyejua kilichomgeuza. Wiki hiyohiyo mama alikwenda kituoni peke yake, akatoa maelezo kwa sauti ndogo mpaka askari akamwomba arudie. Mahakamani aliyarudia mbele ya mwanawe, ambaye muda wote alitazama dari. Dereva akatiwa hatiani, akapigwa faini na kunyang'anywa leseni. Kampuni ya bima, iliyokuwa imevaa miwani ya mbao tangu mwanzo, ikakubali matibabu na fidia, baada ya wakili kuwaandama kwelikweli.

Goti halikukubali kukunjika. Zahanati ikamhamishia mkunga chumba cha chanjo, na pikipiki akapewa mwingine.

Siku ya hukumu, wakati watu wanatawanyika, alimkuta yule mama kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Ndugu zake walikuwa wameondoka na gari bila kumsemesha. Mkunga alisimama na gongo lake. Hasira bado ilikuwepo, tele, ila alishindwa kujua aielekeze wapi.

"Mama, unarudi vipi nyumbani?"

"Sijui, mwanangu."

Mkunga akashusha pumzi. Akamgeukia mumewe. "Tafuta usafiri wa watu watatu."