Unga wa Wimbi Niliompa Mtoto wa Mwenzangu Abebe

Uvumi wenyewe niliusikia kwa kinu cha Naitiri, mwezi wa kumi na moja, nikingoja mahindi yangu yasagwe. Ati kuna msichana wa huku Tongaren alienda kusoma Ulaya, baridi ikamwingia kichwani, akaacha kuongea. Ati walimpata ameketi kwa theluji bila viatu, na aliporudishwa nyumbani alimwita mamake "madam". Nikauliza ni mtoto wa nani. Mmoja akasema wa karibu na Webuye, mwingine akasema hapana, ni wa Kitale. Jina hakuna aliyejua. Lakini ile ya viatu wote waliijua.

Binti yangu Nabwile alikuwa mwaka wa pili huko Polandi, anasomea mambo ya maziwa na vyakula. Mwezi huo alikuwa ameanza kazi ya kujifunza, ile wanaita atachimenti, kwa kiwanda cha maziwa. Alikuwa anaamka saa kumi na moja kasorobo, giza totoro, anapanda basi mbili. Akifika anavaa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, anapima maziwa kwa vichupa vidogo mpaka jioni. Mkubwa wake ni mama mmoja mzee anayemwambia maneno matatu tu kwa siku, na mengine anaonyesha kwa kidole. Chakula cha mchana ni mkate anaokula peke yake kwa ngazi, kwa sababu wale wengine wanaongea lugha yao haraka sana. Anatoka, jua limeshazama tena. Anarudi kwa chumba, anafungua vitabu.

Hayo yote aliniambia akiwa anacheka, mwanzoni. Baada ya ule uvumi nikaanza kumsikiliza vingine. Jumapili akipiga simu nilikuwa nahesabu maneno yake. Nikimwuliza umekula nini, anasema, "Mkate, mama." Nikimwuliza uko sawa, anasema, "Niko sawa, nimechoka tu." Jumapili moja alinyamaza kwa simu mpaka nikafikiri imekatika. Alikuwa amesinzia. Mimi sikusema ni usingizi. Nilisema imeanza, ile baridi ya kichwani.

Sikumwambia mtu. Nilienda kwa mama mmoja mzee upande wa mlima, anayechimba mizizi ya dawa. Nikamwelezea, akanipa unga mweupe, laini kama wa ngano, akasema ni wa kutoa woga kwa mtu aliye mbali na kwao. Sikumwuliza ni mti gani. Niliufunga kwa nailoni, vifurushi vinne, kila kimoja kama kidole gumba.

Sasa nitautumaje? Kuna Mama Gathii, jina lake Nyaruai, anayeuza mbegu na magunia Kitale. Mtoto wake Gathii anasoma chuo kimoja na Nabwile, na alikuwa amekuja nyumbani Krismasi. Angerudi mwanzo wa Januari. Basi nikatayarisha mzigo: kilo tatu za unga wa wimbi, mboga ya saga iliyokaushwa, na kumbikumbi kwa mkebe, maana Nabwile anazipenda. Vile vifurushi nikavizika katikati ya wimbi, halafu nikashona mdomo wa mfuko kwa sindano ya gunia. Juu nikaandika kwa kalamu nene jina la Nabwile lote na namba yake ya simu, usije ukapotea. Nabwile mwenyewe sikumwambia. Mtu anayepima vitu kwa mashine angenicheka. Na kwa kanisa wangesema Mama Nabwile ameanza kuzunguka kwa waganga.

Kitale tulipima mzigo kwa mizani ya mbegu. Mama Gathii akachukua wembe, akasema wacha afungue kidogo aone kama unga umekauka vizuri, usije ukaota ukungu kwa ndege. Kwetu mtu akikupa mzigo umpelekee mtoto wake, hufungui. Kufungua ni kama kumwita mwizi. Kwa hivyo nilijifanya nimeumia.

"Kwani Mama Gathii unafikiria nimeweka bunduki?"

Akacheka, akaona haya, akarudisha wembe kwa droo. Akaniambia pole. Gathii mwenyewe akaupanga mfuko katikati ya nguo zake, akasema, "Usijali anti, utafika kabla sijafika mimi." Kijana mpole sana yule.

Aliondoka Jumanne. Jumatano mchana nilikuwa napepeta maharagwe, simu ikalia. Ni Mama Gathii.

"Mama Nabwile, ulimwekea mtoto wangu nini?"

Nikasema wimbi. Mungu anisamehe, nikasema wimbi na kumbikumbi. Akaniambia Gathii ameshikwa uwanja wa ndege huko, wamepasua mfuko, wamepata unga mweupe umefichwa ndani ya unga mwingine, na wamemwuliza ni wa nani. Naye akawaambia ukweli: sijui kilicho ndani, si wangu, ni wa huyu ambaye jina lake limeandikwa hapa. Kisha simu ikakatika.

Nusu saa baadaye Nabwile akapiga. Sauti haikuwa yake. Polisi walikuwa wamemfuata mpaka kiwandani, wakamtoa na koti lake jeupe mbele ya watu wote. Yule mama mzee wa maneno matatu alisimama mlangoni akitazama, hakusema hata moja.

"Mama, nimekaa na polisi na mtu wa kutafsiri. Ule unga mweupe ni nini?"

Nikasema ni dawa.

"Dawa ya nini?"

"Ya kutoa woga."

Nikasikia mtu akiongea lugha nyingine, polepole.

"Woga wa nani, mama?"

Akaniuliza inatoka kwa mti gani, hawa watu wanataka jina. Hilo jina sikuwa nalo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kitale. Mama Gathii alikuwa kwa duka, ameketi juu ya gunia, hajafungua dirisha. Nikamwambia yote, hata ule uvumi wa kinu. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Nilikuwa na wembe mkononi. Wewe ndiye ulinifanya nione haya." Tukakaa hapo na simu katikati yetu mpaka Ijumaa, Gathii alipoachiliwa. Walikuwa wamepima unga, wakakuta si dawa za kulevya. Lakini walichoma kila kitu, na jina lake limeandikwa kwa vitabu vya polisi. Kila akivuka mpaka wa nchi atawekwa kando. Hajawahi kumlaumu mtu. Mamake hajanipigia simu tangu siku hiyo, na nikipita dukani ananisalimia kama mteja.

Kwa Nabwile ndiko kubaya. Kiwanda kimemwambia asikanyage kwa maabara mpaka wajadili, maana ni mahali pa chakula cha watu, na jina lake limetajwa pamoja na unga usiojulikana. Asipomaliza atachimenti, mwaka wake wa masomo haupiti. Mwaka usipopita, kibali cha kukaa hakiongezwi. Barua ya uamuzi wa kiwanda inatakiwa itoke mwisho wa mwezi. Anashinda chumbani, pazia limefungwa. Nikipiga anashika, anasema niko sawa, anakata. Siku hizi hata hasemi amechoka. Mimi usiku na mchana nasikiliza simu, naogopa isipolia, ikilia naogopa zaidi.

Naandika haya nikiwa sijui barua itasema nini. Wewe uliye na mtoto nje, au anayejiandaa kwenda, epuka haya:

- Kutuma unga wowote, mzizi wowote, jani lolote usilojua jina lake.
- Kuficha kitu ndani ya kitu kingine, hata kama ni chumvi.
- Kumpa mtoto wa mtu mzigo ulioshonwa.
- Kukasirika mtu akitaka kufungua mzigo wako. Mfungulie wewe mwenyewe.
- Kubeba mzigo ambao hujaufungua, hata wa mama wa kanisa lenu.
- Kutuma kumbikumbi, nyama, maziwa, mbegu. Uliza mtoto kwanza kama zinaruhusiwa.
- Kuandika jina la mtoto kwa kitu ambacho yeye hajui kimetumwa.
- Kudanganya ukiulizwa mara ya kwanza.
- Kuamini habari ya mtoto asiye na jina.
- Kuhesabu maneno ya mtoto aliyechoka. Mwache alale.