Ubatizo wa Mama Mkwe

Mwangalizi Gicheru alishuka kwenye Landrova ya kanisa, akakanyaga mchanga hatua tatu, akatazama upande wa juu wa mto, akatazama wa chini, kisha akacheka.

"Ndugu zangu," akasema, "mliniandikia kwamba kuna mto. Mimi naona barabara."

Muli, aliyekuwa ukingoni na jembe begani, kicheko hicho kilimchoma kama mwiba. Lakini ni kweli, Oktoba ile ya themanini na nne mto wa Kanyangi ulikuwa mchanga mtupu. Ng'ombe waliobaki hai waliuvuka bila kuinamisha kichwa.

Watu kumi na mmoja walikuwa wamepanga mstari, nguo zimefuliwa kwa maji ya kubahatisha, wakingoja kubatizwa. Wa kwanza alikuwa Ndululu, mama mkwe wa Muli, bibi wa miaka themanini hivi, mwembamba kama mwiko. Kanisa lile halikumzika kwa ibada mtu asiyebatizwa. Kubatiza kulikuwa kazi ya mwangalizi peke yake, tena lazima mwili wote uzame. Na mwangalizi alikaa mbali huko Kiboko, karibu na lami, akija mara moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri.

Kasyoka, mke wa Muli, aliingoja siku hiyo miaka miwili. Mwaka wa pili ikaja barua: kiangazi ni kikali, mito imekauka, ubatizo umeahirishwa. Muli akawaambia wazee wa kanisa kwamba maji yapo, yeye anajua yalipo. Wakasema barua ni barua. Kifua kikammaliza Kasyoka, wazee wakasema sheria ni sheria, na Muli akamzika mwenyewe, bila wimbo hata mmoja. Mtu aliyekata nguzo za kwanza za kanisa hilo mwaka wa sitini na tano! Mtu aliyevuka mto Athi kwa miguu kuhubiri mpaka Kalamba, akilala njaa, akirudi na miguu imepasuka! Waliosoma walipokuja walichukua meza, yeye wakamwachia jembe. Tangu mazishi hayo hakuingia kanisani tena. Kuomba aliomba, lakini shambani, na mara nyingi ilikuwa ni kugombana na Mungu.

"Twendeni Athi basi," Gicheru akasema. "Huko maji ni mengi."

"Na mamba je, Mwangalizi?" akauliza mzee Muthama. "Utazamisha kumi na mmoja, utoe tisa."

Watu wakacheka. Gicheru naye akacheka, akafunga Biblia yake. "Basi tuombe uzima. Mwaka ujao."

"Mwaka ujao ni wa vijana," Ndululu akasema kwa sauti. "Mimi niko na leo tu." Akamgeukia Mutindi, binti wa Muli, aliyekuwa amemshika mkono. "Mwambie yule mwenye jembe atuonyeshe maji."

Muli alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, lakini Mutindi ilimbidi aupeleke ujumbe. "Baba, nyanya anasema—"

"Nimesikia. Mwambie mama yapo. Pale juu, mwamba ulipokata mto."

Ndivyo walivyozungumza miaka thelathini. Tangu Muli alipopeleka mbuzi wa mahari, hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni wala kupokea kitu mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na Mkamba hafundishwi hiyo na mchungaji.

"Mpaka saa tisa," Gicheru akasema akitazama saa yake. "Baada ya hapo naondoka."

Ilikuwa saa tano. Muli alipanda mpaka mahali mwamba ulipochungulia ukingoni, akijua kwamba unapita chini ya mchanga mpaka ng'ambo na kuyazuia maji yasiteremke. Akapiga jembe la kwanza. Wanaume wakavua mashati. Wanawake wakashika makarai, mchanga ukaanza kutoka kama nyuki mzingani. Magotini, mkavu. Kiunoni, bado mkavu, na Kivuva, mzee wa kanisa, akaanza kutikisa kichwa.

"Tikisa tu," Muli akamwambia. "Ukimaliza, beba karai."

Kifuani mchanga ukabadilika rangi. Jembe lililofuata likatoa sauti ya mdomo unaobusu, na maji yakachomoza kwenye nyayo za Muli, ya baridi, safi! Vigelegele vikalipuka. Muthama, na uzee wake wote, aliruka juu kama mwanambuzi.

Muli akainua uso kumtazama Gicheru pale juu. "Haya maji yalikuwa hapa mwaka jana," akasema. "Yalikuwa hapa mwaka ule wa Kasyoka. Mliandika barua, hamkuuliza."

Gicheru akasogea ukingoni, akayatazama maji.

Lakini mchanga hauna subira. Walivyopanua shimo, kuta zilimomonyoka, kila karai moja iliyotoka zikarudi mbili. Saa nane ikapita.

"Mabati!" Muli akapaza sauti. "Leteni yale mabati ya kanisa!"

"Hayo ni ya nyumba ya mwangalizi!" Kivuva akalia.

"Amelala hapa lini, huyo mwangalizi?"

Gicheru akavua koti. "Yaleteni," akasema. "Na haraka."

Yakaja mbio, kichwani mwa akina mama. Wakayasimamisha pande nne, wanaume wanane wakayaegemea kwa migongo, na maji yakapanda mpaka mapajani, mpaka kiunoni. Gicheru akavua viatu, akateremka. Mara mguu mmoja ukazama, akamdaka Muli shingoni.

"Mchanga unanimeza!"

"Usipigane nao. Simama kwa visigino."

Gicheru akasimama, akihema. "Sitaweza kumwinua mtu peke yangu. Nishikie huyu mama upande huo."

"Mwangalizi," Kivuva akanong'ona, "huyo ni mama mkwe wake."

"Ooh." Gicheru alitoka Murang'a na alielewa, kwao pia kuna heshima hiyo. "Basi aingie mwingine."

Lakini mwingine nani? Wenye nguvu wote walikuwa kwenye mabati; ukimtoa mmoja, ukuta unaanguka. Tayari mchanga ulikuwa ukipenya chini, ukichemka kama uji. Na saa tisa ilikuwa imefika. Muli akashika ukingo ili atoke, uso umemwiva kwa aibu.

"Muli."

Alikuwa Ndululu, juu ukingoni, hakumtuma mtu. Miaka thelathini, hajawahi kulitaja jina hilo.

"Mtoto wangu ulimshika mpaka akakata roho. Mikono si ni hiyo hiyo? Sasa mimi unanionea aibu gani?"

Muli alitazama mikono yake. Alipoinua macho alimwona mama mkwe usoni, mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya Kasyoka kabisa.

"Mama," akasema kwa shida, "maji ni ya baridi."

"Yakiniua, si nitakuwa nimeshabatizwa?"

Watu wakacheka karibu waangushe mabati. Muli akanyoosha mikono, akampokea. Alikuwa mwepesi kama kitita cha kuni kavu. Gicheru akasema maneno, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na wote wawili wakamlaza majini mpaka maji yakafunika paji lake la uso.

Aliibuka akikohoa, kitambaa cha kichwa kimetoka, kinywa wazi. "Haleluya!" akapiga yowe, na mto ukaitikia pande zote. Ndipo Muli akajisikia anaimba. Hakujua wimbo umetoka wapi. Ulimtoka tu, mkubwa, wenye kukwaruza, kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Bati linapinda!" Kivuva akalia.

"Wamebaki kumi," Gicheru akasema, maji yakimchuruzika ndevuni. "Muli, tufanyeje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi saa yako iweke mfukoni. Kivuva, weka bega! Mutindi, toa mchanga pembeni hapa! Mwingine aje, haraka!"

Aliyefuata alikuwa Nzomo mwenye duka, akiteremka kwa makalio, tumbo mbele. Ndululu, aliyeketi mchangani akitetemeka ndani ya leso ya Mutindi, akanyoosha shingo, akamtazama mkwewe moja kwa moja.

"Huyo ni mzito, si kama mimi," akamwambia. "Panua miguu."

Muli akaipanua.